Milima Iliyojimeza

Mtu atokaye Nairobi kwenda Thika hufika Membley kabla ya kuingia mjini Ruiru. Zamani nchi hiyo ilijulikana kwa mashamba ya kahawa, lakini katika miaka ya karibuni mibuni imepisha nyumba, na kila uchao kuta mpya huinuka. Nyingi za kuta hizo hujengwa kwa jiwe la kijivu lichimbwalo katika machimbo, au kware kama wenyeji wasemavyo, ya upande wa Juja na Ndarugu. Fundi hulipiga jiwe hilo kwa nyundo na tindo, nalo hukubali kuchongwa pembe nne bila ukaidi mkubwa. Ni jepesi kuliko jiwe jeusi la mtoni. Mtu akilitazama kwa makini ataona ndani yake vipande vidogo vidogo, vingine vyeusi, vingine vyeupe, vimeshikamana kama kokoto ndani ya saruji.

Jiwe hilo halikuwa jiwe tangu mwanzo. Lilikuwa majivu yaliyotoka ndani ya ardhi kwa moto, yakatapakaa juu ya nchi, yakarundikana, kisha yakashikamana hata yakawa mwamba. Hapana mlima wa moto Membley, wala Ruiru, wala Thika. Majivu yalitoka upande wa magharibi, katika Bonde la Ufa na kingo zake, mamilioni ya miaka iliyopita. Basi mtu aketiye katika nyumba ya mawe Membley ameketi ndani ya masalio ya misiba ya kale ya milima. Makala haya yanakusudia kueleza msiba mkubwa kuliko yote uwezao kuupata mlima wa moto: jinsi mlima uwezavyo kujimeza wenyewe na kuacha shimo mahali pa kilele, jinsi wenye elimu walivyobishana juu ya jambo hilo kwa zaidi ya miaka mia moja, na kwa nini mwisho wa ubishi huo unatuhusu sisi tukaao Kenya.

Shimo la namna hiyo huitwa kaldera. Neno lenyewe ni la Kihispania, na maana yake ni sufuria kubwa. Lakini si kila shimo la mlima wa moto ni kaldera. Kasoko ni kinywa cha mlima, mahali moshi na lava zitokeapo, na kwa kawaida upana wake hauzidi kilometa moja. Kaldera ni pana zaidi, na asili yake ni nyingine, kama tutakavyoona. Katika Kenya tunayo Menengai, kaskazini ya jiji la Nakuru, yenye urefu wa kilometa 12 hivi na upana wa kilometa 8, ambayo kuta zake zashuka karibu meta 480 mahali penye kina kirefu. Tunayo Suswa, ambayo ni ya ajabu zaidi kwa kuwa ina kaldera mbili, moja ndani ya nyingine. Ng'ambo ya mpaka, katika Tanzania, ipo Ngorongoro, maarufu ulimwenguni kote kwa wanyama wake. Sakafu yake ina ukubwa wa kilometa za mraba 260 hivi, imezungukwa na kuta zipatazo meta 600 kwenda juu, nayo ilipata umbo lake zaidi ya miaka milioni mbili iliyopita.

Mtu asimamapo ukingoni mwa shimo kama hilo, swali moja humjia bila kuitwa: mlima ulikwenda wapi?

Jibu jepesi ni kusema kwamba mlima ulilipuka, na kilele chake kikarushwa mbali kama kizibo cha chupa. Wengi waliamini hivyo, na wengine wanaamini hivyo hata leo. Jibu hilo halikosi sehemu ya ukweli, maana mlipuko aghalabu huwapo. Lakini mlipuko peke yake haukuondoa mlima. Ilichukua muda mrefu kulijua jambo hili, na safari ya kulijua haikwenda kwa njia iliyonyooka.

Mwaka 1815 mwanachuoni wa Kijerumani aitwaye Leopold von Buch alizuru visiwa vya Canary, katika bahari iliyo magharibi ya Afrika ya Kaskazini. Katika kisiwa cha La Palma aliona bonde kubwa la mviringo ambalo wenyeji waliliita kaldera, na katika kitabu chake cha mwaka 1825 akalitia neno hilo katika lugha ya elimu. Von Buch alidhani kwamba nguvu za chini huivimbisha ardhi kama jipu, kisha jipu hupasuka juu. Mskoti Charles Lyell alimpinga, akasema kwamba milima ya moto haikuvimba, bali ilijengwa kidogo kidogo kwa lava na majivu yake yenyewe, tabaka juu ya tabaka. Lyell ndiye aliyekuwa na haki. Na kuna jambo la kuchekesha hapa: bonde lile la La Palma, ambalo limezipa jina kaldera zote za dunia, lenyewe si kaldera ya kweli. Lilifanyika hasa kwa maporomoko ya ardhi na kwa maji ya mito yaliyolila kwa muda mrefu. Jina sahihi lilitoka mahali pasipo sahihi.

Mwaka 1879 Mfaransa Ferdinand Fouqué alitoa kitabu juu ya kisiwa cha Santorini, katika bahari ya Ugiriki, ambako bahari imeingia katikati ya mlima wa moto. Alichunguza miamba iliyozunguka ghuba ile, akasema kwamba mlima ule haukurushwa bali ulianguka ndani. Wengine walisita kumwamini. Miaka minne baadaye ulitokea ushuhuda ambao dunia nzima iliusikia.

Tarehe 26 na 27 Agosti, 1883, kisiwa cha Krakatau, katika nchi ambayo leo huitwa Indonesia, kililipuka. Mshindo wake ulisikika hata kisiwa cha Rodrigues, katika Bahari ya Hindi, umbali wa kilometa 4,800 hivi. Mawimbi ya bahari yaliinuka yakafagia pwani za jirani, na watu zaidi ya 36,000 wakafa. Mawe mepesi yenye matundu kama sponji yalielea juu ya bahari kwa miezi mingi, na mwaka 1884 mengine yakafika pwani ya Zanzibar. Theluthi mbili za kisiwa hazikuonekana tena. Mahali pake palikuwa na bahari yenye kina kirefu.

Serikali ya Uholanzi, iliyotawala visiwa hivyo wakati ule, ilimtuma mhandisi wa madini aitwaye Rogier Verbeek kuchunguza. Verbeek alifanya jambo rahisi ambalo halikuwa rahisi kulifikiri: alipima na kukagua mawe yaliyoanguka. Ikiwa kisiwa kilirushwa, alifikiri, basi vipande vya kisiwa cha kale lazima viwe vimetapakaa katika visiwa vya jirani. Alipotafuta, aliona majivu na mawe mepesi mapya mengi mno, lakini vipande vya kisiwa cha kale vilikuwa haba sana. Basi kisiwa hakikurushwa. Kilizama mahali pake.

Msomaji na afikiri hivi. Mtu arudi nyumbani jioni akute uji umemwagika sakafuni kote kuzunguka jiko, na chungu hakina kifuniko. Atadhani kwanza kwamba uji umekirusha kifuniko. Lakini akitafuta chini ya meza, na nyuma ya mlango, na hata nje uani, asikione, itampasa mwishowe achungulie ndani ya chungu chenyewe. Kifuniko kimo humo. Hiyo ndiyo hoja ya Verbeek, na ndiyo iliyotumiwa baadaye na wengine katika nchi nyingine. Huko Marekani, J. S. Diller aliitumia katika kulieleza ziwa liitwalo Crater Lake, na Howel Williams akaitengeneza vizuri zaidi katika maandishi yake ya mwaka 1941 juu ya asili ya kaldera zote.

Sasa tueleze jinsi kifuniko kiangukavyo. Chini ya mlima wa moto, kilometa chache kwenda chini, pana ghala la mwamba ulioyeyuka uitwao magma. Ghala hilo limebeba paa, na paa lenyewe ni mlima. Ndani ya magma mna mvuke na gesi, kama ilivyo katika chupa ya soda: maadamu kizibo kimekaza, hapana povu lionekanalo, kizibo kikifunguliwa, povu hufurika. Magma ipandapo kuelekea juu, mgandamizo hupungua, mapovu huzaliwa na kupanuka, na mwisho huichanachana magma yote ikawa majivu na mawe mepesi. Magma ya Menengai ni ya namna iitwayo trakaiti, yenye kunata, isiyoiachilia gesi kwa urahisi. Ndiyo sababu ghadhabu yake ni kubwa.

Majivu yakiendelea kutoka, ghala hupungua, na paa hukosa mhimili. Kisha nyufa hukatika kwa duara kuzunguka kilele, na kipande kizima cha mlima hushuka ndani, kama kizibo kinachosukumwa ndani ya chupa badala ya kung'olewa. Kipande hicho kishukapo hukamua magma iliyobaki, nayo hutoka kupitia nyufa za ukingoni kwa nguvu mpya. Kwa hiyo kuanguka kwa mlima si mwisho wa mlipuko. Mara nyingi ndiko kuuzidishako. Wingu la majivu na gesi ya moto, zito mno lisiloweza kupaa, hushuka mteremko na kukimbia juu ya nchi kwa kasi ambayo hapana mnyama awezaye kuishinda. Litulialo huwa jiwe. Jiwe la Ndarugu ni la ukoo huo wa mawe ya majivu, ingawa ni kongwe kuliko Menengai kwa mbali sana.

Wakati mwingine kuanguka huja kwa utulivu zaidi. Magma haitoki kwa mlipuko, bali huteleza kupitia nyufa za chini na kutokea mahali pengine. Jambo hilo lilionekana waziwazi mwaka 2018 katika mlima Kilauea, Hawaii. Lava ilitoka mteremkoni, umbali wa makumi ya kilometa kutoka kileleni, na tangu Mei hata Agosti sakafu ya kilele ilizama hatua kwa hatua, mahali pengine kiasi cha meta 500. Wapimaji waliiona ikishuka, wakaandika kila hatua. Yale ambayo Verbeek aliyajua kwa kuhesabu mawe, wao waliyatazama kwa macho.

Turudi kwetu. Katika mwaka uleule wa 1883 ambao Krakatau ilizama, Mskoti Joseph Thomson alipita katika nchi ya Wamasai, akapanda mlima Longonot na kuchungulia ndani ya shimo lake. Kitabu chake cha mwaka 1885 kiliwajulisha Wazungu habari za milima hiyo. Mwaka 1893 akaja J. W. Gregory, ambaye alilichunguza Bonde la Ufa na kueleza kwamba nchi ilishuka katikati ya nyufa mbili zinazokwenda sambamba. Ni vema tukumbuke, hata hivyo, kwamba wageni hawa hawakuvumbua milima hiyo. Zamani mno kabla yao, watu wa Bonde la Ufa walikijua kioo cheusi cha volkeno, wakakipasua kuwa visu na vichwa vya mishale. Na vyombo vya namna hiyo vimefukuliwa Hyrax Hill, karibu na Nakuru, ambako Mary Leakey alichimba mwaka 1937 na 1938. Watu wale hawakuandika kitabu juu ya asili ya jiwe, lakini walijua lipatikanapo, na lipi ni jema, na lipasuliwe vipi.

Menengai nayo ina historia ya damu. Masimulizi ya Wamasai yaeleza kwamba katika vita vya karne ya 19 baina ya Ilpurko na Ilaikipiak, mashujaa wengi walioshindwa walitupwa kutoka ukingoni mwa shimo lile. Jina la mahali husemwa kuwa lilitokana na maiti hao, na mvuke upandao kutoka nyufa za chini umesimuliwa kuwa ni roho zao zitafutazo njia ya kwenda juu. Mwenye elimu ya miamba atasema kwamba mvuke huo ni maji ya mvua yaliyokutana na joto la chini. Maelezo hayo mawili hayashindani. La kwanza latukumbusha watu waliokufa. La pili latufundisha chanzo cha mvuke.

Mwaka 1957 G. J. H. McCall aliandika juu ya kaldera ya Menengai, na mwaka 1984 P. T. Leat akatoa maelezo kamili zaidi ya maisha ya mlima huo. Kwa ufupi ni haya. Mlima ulianza kujengwa yapata miaka 200,000 iliyopita, ukawa mpana na wenye mteremko wa taratibu, kama ngao iliyolazwa chini. Yapata miaka 29,000 iliyopita ulitoa mafuriko makubwa ya majivu, na kilele kikaanguka. Kisha, kabla kidogo ya miaka 8,000 iliyopita, ukatoa mafuriko mengine, ukaanguka tena, na kaldera ikapata ukubwa tuuonao. Tangu hapo lava nyeusi imetoka mara nyingi na kuifunika sakafu. Mtazamaji wa leo haoni kifuniko kilichoanguka, kwa maana kimezikwa chini ya lava.

Je, Menengai imekufa? Wahenga walisema, mwenye kovu usidhani kapoa. Mwaka 2011 kampuni ya serikali ya Kenya ishughulikayo na jotoardhi ilianza kuchimba visima ndani ya kaldera ili kupata mvuke wa kuzalisha umeme. Katika baadhi ya visima, kiasi cha kilometa mbili kwenda chini, keekee ilileta juu vipande vya kioo kipya: ishara kwamba imeigusa magma yenyewe. Joto lililopimwa huko lilikaribia nyuzi 400. Vipimo vya setilaiti pia vimeonyesha kwamba kati ya mwaka 1997 na 2000 Menengai na Suswa zilishuka kwa sentimeta chache, na kati ya mwaka 2004 na 2006 Longonot ilivimba kiasi cha sentimeta 9. Hayo si matangazo ya mlipuko. Mlima wa moto huweza kuvimba na kushuka mara nyingi bila kutoa hata kibaba cha majivu. Lakini ni hakika kwamba ghala la chini halikukauka.

Basi watu wanaoishi chini ya Menengai wafanye nini? Kukimbia si shauri, maana mlima umewanufaisha. Udongo wake huotesha mazao, na mwaka 2023 kituo cha kwanza cha umeme, chenye nguvu ya megawati 35, kilianza kufanya kazi ndani ya kaldera. Kudharau nako si shauri. Lililo jema ni kuujua mlima, kuupima bila kuchoka, na kuwafundisha watoto wanaokulia karibu nao kwamba kilima kile kilicho kimya kina historia.

Nasi wa Membley tumepewa sehemu yetu. Udongo mwekundu wa matuta ya Kiambu ni mwamba wa volkeno uliooza kwa mvua na jua. Ndio uliolisha mibuni, na ndio uliofanya Ruiru kuwa makao ya uchunguzi wa kahawa, hata aina moja ya mbuni iliyotolewa mwaka 1985 ikaitwa Ruiru 11. Mawe yetu ni majivu ya kale. Hatukulipa chochote kwa ajili ya misiba iliyotupatia vitu hivyo.

Lakini yako malipo mengine ambayo sisi wenyewe tunayaandaa. Machimbo yaishiwapo mawe, mara nyingi huachwa wazi. Mvua ya masika huyajaza maji, na watoto huvutwa na maji. Shimo la namna hiyo nalo ni mahali palipotolewa kitu chini bila kufikiriwa kitakachofuata. Tofauti ni kwamba Menengai haikuwa na akili ya kujua ghala lake linapungua, wala mikono ya kuzungushia shimo lake ua. Mchimbaji anavyo vyote viwili. Akichukua jiwe na alichukue, maana watu hawana budi kujenga; lakini aondokapo na alifukie shimo, au alizungushie ua, ili nyumba ya mtu mmoja isiwe msiba wa mtoto wa mwingine.

Na wewe msomaji, upitapo mahali wanapojenga, omba kipande cha jiwe lililovunjika. Litazame penye mwanga. Vile vipande vidogo uvionavyo ndani yake vilitoka chini ya ardhi vikiwa moto, kabla ya Membley kuwa na jina.